“Bollocks”: nimetukanwa, au ndivyo wanavyoongea?

*“Shikamoo mwalimu. Ninatoka Tanga, nina miaka miwili hapa Leeds, na kazi yangu ni kutunza wazee kwenye nyumba ya kulelea. Wiki iliyopita, wakati wa kupokezana zamu, nilieleza kwa nini dawa za mzee mmoja zilichelewa: famasi haikuzileta. Meneja akasema mbele ya wote, ‘That’s bollocks.’ Nikanyamaza. Nilipofika nyumbani nikatafuta kwenye simu, nikakuta maana yake ni korodani. Mwalimu, nililia. Mimi mama wa watoto watatu, mtu anitajie mambo hayo mbele ya vijana? Halafu nikakumbuka kuwa si yeye tu. Mwenzangu wa usiku alishaniambia nisipojaza fomu nitapata ‘bollocking’. Na fundi wetu, mzee wa Kiingereza, alikula pilau langu siku ya Krismasi akasema ni ‘the dog’s bollocks’. Nilidhani ananiambia nimempikia mbwa. Tangu siku hiyo sijampelekea chakula. Kanisani kaka mmoja anasema neno hilo limetoka kwenye ‘bullock’, yaani maksai, kwa hiyo si tusi. Mwingine anasema lilikuwa jina la mapadri. Na sasa mwanangu wa miaka 13 analisema nyumbani. Nishitaki kazini? Nimkanye mtoto? Ukweli ni upi?”*

Marahaba, mama. Na pole. Kufokewa kwa lugha ya watu ni kazi mara mbili: kwanza uumie, halafu uende kutafuta umeumizwa na nini.

Nianze na lililokuliza. Meneja wako hakutaja mwili wa mtu yeyote, si wako wala wake. Alichosema, kwa Kiswahili cha mtaani, ni “hizo ni pumba”. Ni ukorofi, tena mbele za watu, na sitakuambia uuone kuwa kitu kidogo. Lakini ni ukorofi wa kuambiwa unaongea upuuzi, si ule wa kuvuliwa heshima yako kama mwanamke. Angalia pia ile “that”. Inaelekea kwenye jambo, haielekei kwako. Huenda alimaanisha maelezo yako ni pumba. Huenda pia alimaanisha kisingizio cha famasi ni pumba, na hapo alikuwa upande wako. Kwa sentensi hiyo peke yake hata Mwingereza aliyezaliwa hapo Leeds asingeweza kukuhakikishia. Tutalirudia hilo.

Simu yako haikudanganya. Maana ya kwanza ya neno ni korodani, na ni neno la zamani kweli. Katika Kiingereza cha kale, yapata miaka elfu moja iliyopita, liliandikwa “beallucas”. Shina lake ni lile lile la “ball”, mpira au kitu cha mviringo, na mkia wake ni kiambishi cha kudogosha, kama sisi tunavyotoa kijiko kwenye mwiko. Kwa hiyo ni “vimpira”, basi. Enzi hizo halikuwa tusi. Lilikuwa jina la kiungo, kama goti.

Hapo ndipo kaka yako wa kanisani alipopotea kidogo, ingawa hakupotea bure. “Bullock” si mzazi wa “bollocks”, ila wana mkia mmoja. Kile kiambishi cha kudogosha ukikiweka kwenye “bull”, fahali, unapata fahali mdogo; kwenye “hill”, kilima, unapata “hillock”, kichuguu. Nadhani kilichomchanganya ni kwamba maksai ni ng’ombe aliyehasiwa, akaona mambo yanashikana. Yanashikana kwa bahati tu.

Na huyu wa mapadri? Ana chembe ya ukweli. Mwaka 1785 Francis Grose alichapisha kamusi ya lugha ya uswahilini ya Waingereza, na humo, mbele ya neno hili, aliandika kuwa ni korodani za mtu au mnyama, na pia ni jina la utani la kihuni la mchungaji. Kwa hiyo ni kweli mapadri waliitwa hivyo, ila jina lilikuwa la kuwadhihaki, na lilikuja karne nyingi baada ya neno lenyewe kuzaliwa. Halikutoka kwao, lilibandikwa kwao.

Kwa kuwa mnajadiliana kanisani, wapelekee na hili. Biblia ya Kiingereza iliyotafsiriwa na John Wycliffe na wenzake katika miaka ya 1380 inalo neno hili, limeandikwa waziwazi, kwenye Mambo ya Walawi 22:24, panapokatazwa kumtolea Mungu mnyama aliyehasiwa. Hakuna aliyeziba masikio. Ilipofika Biblia ya Mfalme James, mwaka 1611, watafsiri walishaanza kuona haya: kwenye Kumbukumbu la Torati 23:1 waliandika “mawe” na kumwachia msomaji aelewe. Sisi wenyewe tukoje? Fungua Biblia yako ya Kiswahili, ile ya Union Version, Mambo ya Walawi 21:20, kwenye orodha ya vilema vinavyomzuia kuhani. Utakuta “mapumbu”. Neno ambalo ukilitamka mezani kwa mama mkwe utaombwa utoke nje, limo kwenye Kitabu na linasomwa madhabahuni. Ubaya wa neno haukai ndani ya neno kama sumu ndani ya muhogo. Hutegemea nani analisema, wapi, na kuna neno gani jingine la adabu lililochukua nafasi yake. Kwetu korodani lilikwenda hospitalini, pumbu likabaki kijiweni. Kwa Waingereza neno la Kilatini, “testicles”, ndilo lililopewa koti jeupe, na lile la kienyeji likabaki zizini na baa.

Hata vitu vilibadilishwa majina kwa haya hiyo. Kulikuwa na jambia lililopendwa sana Uingereza tangu karne ya 14, mpini wake una vinundu viwili vya mviringo pale yanapoanzia makali. Waliolivaa waliliita “ballock dagger”, na huhitaji mchoro kujua kwa nini. Merikebu ya kivita Mary Rose ilipozama mwaka 1545 ilizama na mabaharia waliokuwa nayo viunoni, na ilipoopolewa mwaka 1982 mipini hiyo ilitoka nayo matopeni. Wasomi wa karne ya 19, enzi za Malkia Victoria, hawakuweza kuandika jina hilo kwenye vitabu vyao, wakalibatiza jambia “la figo”. Figo! Ukienda makumbusho leo unaweza kuyakuta majina yote mawili.

Sasa, kiungo cha mwili kinageukaje kuwa pumba? Neno likishakuwa mwiko linapata nguvu, na nguvu hiyo watu huitumia kwa mambo mengine kabisa: kushangaa, kukataa, kukasirika. Mtu akijigonga kidole kwa nyundo anasema “bollocks!” na hafikirii kiungo chochote isipokuwa kidole. Kadiri linavyotumika ndivyo linavyopauka, kama kanga iliyofuliwa miaka kumi. Maua yake bado unayaona ukitazama kwa makini, ila rangi imekwenda. Unayajua haya kwa lugha yako mwenyewe. Lile tusi zito la mama, vijana wa kijiweni husemezana kwa kicheko goli likiingia, na hakuna hata mmoja anayemfikiria mama wa mwenziwe. Sisemi ni vizuri. Nasema ndivyo matusi yanavyozeeka.

Maana ya “upuuzi” ilishika mizizi katika karne ya 20, na kuna siku moja ilipigwa muhuri mahakamani. Mwezi wa Oktoba 1977 bendi ya Sex Pistols ilitoa albamu yenye jina *Never Mind the Bollocks, Here’s the Sex Pistols*. Polisi wa Nottingham wakamshitaki meneja wa duka la muziki lililobandika jalada hilo dirishani, kwa sheria ya mwaka 1889 ya matangazo ya aibu. Wakili wa utetezi, John Mortimer, akamleta shahidi asiyetarajiwa: James Kinsley, profesa wa Kiingereza wa Chuo Kikuu cha Nottingham, ambaye pia alikuwa kasisi wa Kianglikana. Profesa akawapitisha mahakimu njia hii hii niliyokupitisha, tangu Kiingereza cha kale, Biblia, hadi utani wa wachungaji, akahitimisha kwamba kwenye jalada lile neno linamaanisha upuuzi tu. Tarehe 24 Novemba mahakimu walimwachia mshitakiwa, tena kwa kinyongo: walieleza waziwazi kuwa wanachukizwa na biashara ya namna ile, ila hawana budi kumwona hana hatia. Nimelipenda sana shauri hilo. Mahakimu walichukia neno, lakini hawakuruhusu chuki yao iwe tafsiri.

Tangu hapo limeendelea kupanda ngazi bila kuoga. Mwaka 2000 vyombo vya utangazaji na matangazo vya Uingereza, BBC ikiwamo, viliwauliza watu kuhusu ukali wa matusi, na hili likashika nafasi ya 8, chini ya yale makubwa unayoyajua lakini bado ndani ya kumi bora, kama naweza kuyaita hivyo. Mwaka 2016 Ofcom, wasimamizi wa redio na televisheni, waliliweka daraja la kati: huenda lisifae kabla ya saa tatu usiku, watoto wakiwa macho. Miaka mitatu baadaye, kwenye uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa Mei 2019, chama cha Liberal Democrats kikaliandika kwenye jalada la ilani yake: “Bollocks to Brexit”, yaani kujitoa Umoja wa Ulaya ni pumba. Chama halali, ilani rasmi. Baadhi ya wapiga kura walicheka, wengine walikunja uso. Ndipo neno lilipo mpaka leo, kati ya kicheko na uso uliokunjwa.

Turudi kwa yule fundi na pilau lako, maana hapo ndipo wengi wetu tunapoangukia, na sababu iko kwenye sarufi. “Bollocks” peke yake ni neno baya: pumba, upuuzi. Weka kale kaneno “the” mbele yake na kila kitu kinapinduka: “the bollocks”, au kwa urefu “the dog’s bollocks”, ni sifa ya juu kabisa. Kiswahili hakina kineno cha namna hiyo, kwa hiyo masikio yetu hayakulelewa nacho. Yanakiruka kama nukta. Kumbe ndicho kinachobeba kama umesifiwa au umekemewa. Na usiulize mbwa kaingiaje. Waingereza wana desturi ya kusifu kitu kwa kiungo cha mnyama, na zamani walisema goti la nyuki na sharubu za paka kwa maana hiyo hiyo. Wapo wanaosimulia kuwa msemo ulitokana na maboksi ya vitu vya kuchezea yaliyoandikwa “box deluxe”, herufi zikapinduliwa. Ni hadithi tamu isiyo na ushahidi. Kilichothibitika ni kwamba wachapaji walikuwa na jina hilo kwa alama ya nukta mbili ikifuatwa na kistari. Ichore ubavuni mwa karatasi uone wenyewe walivyokuwa watundu.

Na sisi je? Kijana wa Tanga akila pilau lako akasema “mama, hili pilau hatari”, utamfukuza? “Balaa.” “Noma.” Maneno ya misiba yote, na kila moja ni sifa. Fundi wako alisema pilau ni balaa. Mambo ndiyo hayo.

“Bollocking” ni jambo jingine tena: ni kufokewa vilivyo, kupewa za uso. Mwenzako wa usiku alikuwa anakuonya kwa wema kwamba usipojaza fomu utasemwa. Ukisikia mtu kalifanya kitenzi, “he bollocksed it up”, maana yake kaboronga. Na ukisikia “cobblers”, neno linaloonekana la heshima kabisa, ujue ni ndugu yake aliyevaa suti: Waingereza wa mashariki ya London huficha neno kwa kutaja kitu kinacholingana nalo kwa vina, na nyuma ya “cobbler’s awls”, vyuma vya fundi viatu vya kutobolea ngozi, limejificha “balls”. Bibi wa miaka 85 kwenye nyumba yenu anaweza kulisema bila kujua. (Timu ya Northampton Town inaitwa the Cobblers, lakini hiyo ni kwa sababu mji ulikuwa wa viwanda vya viatu. Usiwaonee.) Angalizo moja la safari: huko Ireland neno hili humwelekea mtu mwenyewe, na “you bollocks” ni kumwita mtu mshenzi. Hapo ni tusi la moja kwa moja.

Umeona nimekuwa nikitafsiri kwa “pumba”. Nimelichagua makusudi. Pumba ni maganda ya nafaka, kitu kisicho na punje, na “kuongea pumba” ni kauli inayomkwaza mtu bila kumvunjia utu. Inachekesha tu kwamba ni irabu moja inayotenganisha pumba na pumbu, kana kwamba Kiswahili kilijua Mwingereza atakuja na neno lake. Usijenge nasaba juu ya hilo, lakini. Wala usimsikilize anayesema “mpumbavu” limetokana na pumbu. Limetoka kwenye kitenzi pumbaa, kama sikivu lilivyotoka kwenye sikia. Kila lugha ina wanaotunga hadithi za asili ya maneno, na kila hadithi inasadikika mpaka uikague.

Kuhusu kazini, nikueleze bila kukupamba. Kushitaki kwa sababu ya neno hili peke yake, mara moja, kwenye mazungumzo kuhusu dawa, sidhani kutakufikisha mbali. Watakuuliza “alikuita nini?” na jibu litakuwa hakukuita kitu. Lakini kunyamaza nako sikupendekezi, kwa sababu kilichobaki hapo si tusi, ni tuhuma: kama meneja anaamini ulitunga habari ya famasi, hilo linagusa kazi yako na dawa za mzee. Mwombe dakika tano, ana kwa ana, mlango ukiwa umefungwa. Uende na ushahidi wa siku ile, kumbukumbu ya simu uliyopiga famasi au maandishi ya kitabu cha zamu. Mwambie kwa Kiingereza chako cha kawaida kwamba hukuelewa kama neno lile lilikuwa juu ya maelezo yako au juu ya famasi, na kwamba usingependa kuambiwa hivyo mbele ya wenzako. Usimweleze habari za korodani. Atashituka, na mazungumzo yatahama kutoka kwenye dawa.

Iko hali nyingine ambayo ushauri wangu unabadilika. Kama maneno ya namna hii yanakuja kwako tu na si kwa wenzako, au yanaandamana na maneno kuhusu rangi yako, lafudhi yako, dini yako au uanamke wako, basi si suala la msamiati tena. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inaweza kuliita unyanyasaji, hata kama maneno yenyewe ni mepesi. Andika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo. Mwone mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kama umo, au piga simu Acas, wanaotoa ushauri bure kwa wafanyakazi. Ofisi za Citizens Advice nazo utaweza kukaa na mtu mezani. Usikae nalo miezi, maana mabaraza ya kazi yana muda wa mwisho wa kupokea madai. Na kama mpaka leo usiku hulali kwa ajili ya siku ile, mwambie daktari wako. Hilo nalo ni la kutibiwa, na mimi mtu wa maneno sitalifikia.

Mtoto. Ukimwambia ni neno chafu kupindukia atakwenda shuleni, atamsikia mwalimu wa michezo akilisema kwa kunong’ona, na atajua kuwa mama haelewi. Mwambie ukweli: maana yake ya kwanza ni hii, watu wanalitumia kwa maana ile, darasani linaweza kumletea adhabu, na nyumbani kwako halisemwi kwa sababu wewe hulitaki. Sababu hiyo inatosha. Akikuuliza aseme nini badala yake, mpe pumba. Utafurahi kuona lugha ya nyumbani imepata kazi.

Wewe mwenyewe ulitumie? Nisingeharakisha. Mgeni anayetukana kwa lugha ya watu husikika mkali kuliko alivyokusudia, kwa kuwa sauti na uso bado havijajifunza kulainisha neno. Lielewe tu, likupite.

Na yule fundi, mama, amekaa tangu Krismasi anajiuliza amekosa nini. Mpelekee sahani. Weka na kachumbari.